Lango la Nyayo na neno "mkanyagano"

Shabiki wa Gor Mahia au AFC Leopards anayeishi Kamenu, pale Thika, akitaka kuona dabi ya Mashemeji Nairobi hupanda matatu na kushika Barabara ya Thika, kama kilomita 40 hivi. Oktoba 2010 barabara hiyo ilikuwa imefumuliwa. Ujenzi ulioanza 2009 haukukamilika hadi 2012, na foleni ya Jumamosi ilijulikana na kila kondakta. Naanza na barabara kwa sababu Jumamosi ya tarehe 23 mwezi huo watu 7 walipoteza maisha katika msongamano wa langoni, Uwanja wa Nyayo, Gor Mahia (K'Ogalo) ikikutana na AFC Leopards (Ingwe), na lawama iliyowaangukia upesi mashabiki ni kwamba walichelewa, wakalazimisha kuingia, wakakanyagana.

Neno lenyewe limeshatoa hukumu. "Kukanyagana" ni kitendo cha kutendana: aliyekanyaga na aliyekanyagwa wamo katika kundi moja, wa tatu hayupo. Mwenye lango hatajwi. Isitoshe, neno hilo halielezi vizuri jinsi watu wanavyokufa mahali kama pale. Watu 6 au 7 wakibanwa katika mita moja ya mraba, hakuna anayeamua tena aende wapi. Umati husogea kama maji. Aliye mbele amebanwa kwenye chuma cha lango, mikono imekwama kifuani, mbavu hazina nafasi ya kupanuka. Wengi hufa wima kwa kukosa hewa, kabla mguu wa mtu haujawagusa. Aliye nyuma mita 20 haoni hata moja ya hayo. Anachoona ni kwamba foleni imesonga kidogo, naye anasonga.

Ndiyo maana nasema wajibu unamwangukia anayeshika lango, kwa kuwa ndiye peke yake anayeweza kuona pande zote mbili. Tatizo la Nyayo ni kwamba mikono ilikuwa mingi: ligi iliandaa mechi, bodi ya serikali ilisimamia uwanja, polisi walilinda. Walipotajwa polisi na madai ya mashabiki kuhusu mabomu ya machozi, vidole vilielekezwa kwa wasio na tiketi. Walipotajwa waandaaji, vikarudi kwa polisi. Ufunguo wa wengi hauna wa kuulizwa.

Wapo watakaopinga kwamba huko ni kuwatetea wahuni. Kweli, wapo waliokuja bila tiketi, na wapo waliosukuma kwa makusudi. Lakini dabi hii ina mashabiki wengi kuliko mechi yoyote nchini, na kuchelewa kwao kulitabirika kama mvua ya masika. Hatari inayojulikana mapema ni kazi ya mwandaaji. Tena anayesukuma yuko nyuma. Anayekufa yuko mbele, na mara nyingi ndiye aliyewahi. Katika msongamano wa Uwanja wa Hillsborough, Uingereza, Aprili 1989, kamanda wa polisi alidai mashabiki walivunja lango, kumbe yeye mwenyewe ndiye aliyeamuru lifunguliwe. Uchunguzi wa Jaji Taylor ulibaini kosa kubwa lilikuwa la polisi, lakini ilikuwa hadi 2016 ndipo baraza la wazee wa mahakama lilipotamka kwamba mashabiki hawakuchangia. Waliokufa ni 97. Kamanda huyo aliachiliwa huru 2019, jambo linaloonyesha kwamba kujua aliyekosea na kumtia hatiani ni safari mbili tofauti.

Kinyume na Nyayo, Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashindano ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za nyumbani, watu wasio na tiketi walipenya Kasarani, uwanja ambao mtu wa Kamenu huupita akielekea mjini. CAF, Shirikisho la Soka Afrika, haikupoteza muda kuhoji tabia za Wakenya. Iliitoza faini FKF, Shirikisho la Soka Kenya, ikapunguza watazamaji hadi 27,000 katika uwanja wa watu 48,000, ikataka tiketi za kielektroniki pekee. Hapo mwenye lango alitajwa kwa jina.