Ndege Wetu, Majina Yao: Picha Kongwe za Ndege wa Mlima Kenya

Wasee, leo ni historia. Swali la kwanza: ndege anaishi Naro Moru, mbona jina lake ni la mto wa Ethiopia na picha yake kongwe ilichorwa Uingereza?

Namzungumzia chozi, yule ndege mdogo wa mdomo uliopinda anayenyonya maua. Kuna mmoja wa mkia mrefu, kwa mbali unadhani ni mweusi tu, hadi jua limpige ndipo anawaka zambarau. Vitabuni anaitwa Tacazze. Ni mto wa kaskazini mwa Ethiopia, na jina hilo alipewa mwaka wa 1814.

Kati ya 1876 na 1880, Mwingereza aitwaye G. E. Shelley alitoa kitabu kikubwa cha chozi wa dunia nzima. Mchoraji alikuwa Mholanzi, J. G. Keulemans. Aliwachora ndege kama huyu kutoka kwa ngozi kavu zilizojazwa pamba. Mchoro uliwekwa kwenye jiwe, ukapigwa chapa kwa wino mweusi, kisha mafundi wakapaka rangi za maji kwa brashi, karatasi moja baada ya nyingine. Ndiyo maana hakuna nakala mbili zinazofanana kabisa.

Leo karatasi hizo zinasakwa na wakusanyaji. Ukipata moja, chukua lenzi uitazame kwa karibu. Ukiona vidoti vidogo vidogo vya rangi, hiyo ni kopi ya juzi. Rangi ya mkono haina vidoti, na mara nyingine inavuka mstari kidogo, kwa sababu aliyepaka alikuwa binadamu, tena pengine amechoka. Jambo lingine: wauzaji wengi hununua kitabu kizima, wanakikata, wanauza ukurasa mmoja mmoja kwa sababu vipande vinaleta pesa zaidi. Kwa hivyo ile fremu moja maridadi ukutani huenda ni kitabu kilichochinjwa.

Lakini kinachoniuma zaidi ni majina. Juu kabisa mlimani, kwenye yale mimea makubwa ya lobelia, kuna chozi mwingine wa kijani kinachometameta. Anaitwa Johnston, kwa sababu Harry Johnston alikwenda Kilimanjaro mwaka wa 1884 akarudi na ndege huyo, na Shelley akampa jina mwaka uliofuata. Kuna bundi mkubwa wa huku kwetu anayeitwa Mackinder. Halford Mackinder alifika kileleni mwaka wa 1899, na mwaka huohuo bundi akaandikwa kwa jina lake. Cha kuchekesha, Mackinder huyohuyo alikiita kilele Batian, kwa heshima ya Mbatian, laibon wa Wamaasai. Mlima ukapata jina la Mwafrika, bundi akapata la mzungu.

Na si ati bundi huyo hakuwa na jina. Wagikuyu wanamwita ndundu, na wengi walimwogopa kwamba akilia karibu na nyumba, kuna mtu atakufa. Leo upande wa Kieni kuna wakulima wanaomlinda, na wageni huja kumwona. Yaani ndege aliyefukuzwa kwa mawe sasa analeta riziki. Hadithi hiyo huwezi kuipata kwenye karatasi yoyote kongwe.

Sasa twende Mukurweini. Kwenye vichaka vya mabonde ya mito kuna ndege wa kahawia mwenye mabaka meupe na jicho jekundu, anayetembea na kundi lake dogo wakipiga kelele. Kwa kitaalamu ni hindei, jina la Dr. Hinde, ofisa wa kikoloni, alilopewa mwaka wa 1900. Duniani kote anaishi Kenya pekee, na yuko hatarini, kwa sababu vichaka vinafyekwa ili shamba lifike hadi mtoni. Manze, hilo si jambo la makumbusho. Ni jambo la panga la wiki hii.

Maoni yangu ni haya. Sipingi mtu kukusanya picha kongwe, zina uzuri wake na ni ushahidi. Na kama huna pesa, nyingi unaweza kuziona bure kwenye maktaba ya mtandaoni ya Biodiversity Heritage Library. Lakini sisi vijana wa Nyeri, Karatina na Nanyuki tuna mkusanyiko mwingine ambao hakuna mnada utatuuzia. Muulize cucu ndege huyu anaitwaje, alitabiri nini, alionekana wapi. Andika, rekodi, weka jina hilo kando ya lile la mzungu. Kisha mwambie mzee mwenye shamba aache kichaka kidogo kando ya mto.

Keulemans alichora ndege waliokufa kwa sababu ndio waliomfikia. Sisi wetu bado wako hai, hatuna kisingizio.