Bustani ya Dawa ya Chelsea

Kuujua mmea kwa jina si kazi kubwa. Kuutambua kwa jani, shina na harufu, mgonjwa akingoja kitandani, ndiyo kazi. Uingereza kuna mmea uitwao hemlock, nao ni wa jamaa moja na karoti na giligilani, hata majani yake yadanganya macho. Lakini aulaye hushikwa na ganzi, viungo vyake hulegea, kisha pumzi hukatika. Basi katika karne ya 17 watengeneza dawa wa London walikuwa wakinunua majani na mizizi sokoni, na mnunuzi asiyejua aliweza kuuziwa lolote. Kosa lake hakulilipa yeye, bali mgonjwa.

Kwa ajili hiyo chama cha watengeneza dawa, kilichopewa hati ya mfalme mwaka 1617, kilitwaa kiwanja huko Chelsea kando ya mto Thames mwaka 1673. Kiwanja chenyewe hakipati eka 4. Wakakizungushia ukuta, wakapanda mimea ya dawa ili wanagenzi wao waione ingali hai. Mto uliwafaa kwa mambo mawili: mashua yao ilipata pa kutia nanga, na baridi kando ya maji ilikuwa nafuu kidogo. Mwaka 1683 walipanda mierezi minne ya Lebanoni. Wengi wetu tumeusoma mti huo katika habari za Sulemani wala hatujauona. Wanagenzi wale waliushika kwa mkono.

Mafunzo hayakuishia ndani ya ukuta. Siku za kiangazi mwalimu aliwachukua vijana nje ya mji, wakapita mashambani na vichakani wakitafuta mimea mahali iotapo yenyewe. Desturi hii ni ya kale kuliko bustani, kwa maana tangu mwaka 1629 Thomas Johnson, naye mtengeneza dawa, alikwisha piga chapa habari za safari ya namna hiyo katika nchi ya Kent. Sisi tufundishao watoto twaona kwamba watu wale walijua kazi ya ualimu. Mmea uliopandwa kwa safu, wenye kibao cha jina, hutambulikana na kila mtu. Ukiwa umejificha katikati ya magugu ndipo ujuzi hujulikana.

Hata hivyo fedha zilipungua, na bustani ilikaribia kufa. Aliyeiokoa ni tabibu Hans Sloane, ambaye katika ujana wake alisoma mimea papo hapo Chelsea. Alipokwisha kuinunua nchi ile, aliwapa watengeneza dawa kiwanja mwaka 1722 kwa kodi ya pauni 5 kwa mwaka, milele. Hatutaficha kwamba sehemu ya mali yake ilitoka katika mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na watumwa wa asili ya Afrika. Mkewe alikuwa mjane mwenye urithi huko. Walakini sharti alilolitia katika hati yake lilikuwa la busara: kila mwaka walete mimea 50 iliyokaushwa kwa chama cha wataalamu kiitwacho Royal Society, wala isiwe ile ile ya mwaka uliopita, mpaka itimie 2,000. Ni kama mtihani wa kila mwaka, na bustani iliyolala isingeweza kuushinda.

Mwaka uo huo alitiwa Philip Miller kuwa mtunza bustani, akakaa karibu miaka 50. Kamusi yake ya bustani ilitolewa mwaka 1731. Alikuwa mtu mshupavu: Linnaeus wa Sweden alimzuru mwaka 1736, lakini Miller hakuyatumia majina yake ya mimea kwa ukamilifu mpaka chapa ya mwaka 1768.

Katika siku zake alikuja mwanamke, Elizabeth Blackwell, ambaye mumewe alifungwa kwa sababu ya madeni. Akapanga nyumba karibu na bustani, akaichora mimea, akaichonga michoro katika mabamba ya shaba, akaitia rangi, yote kwa mkono wake. Mumewe aliongeza majina ya lugha mbalimbali akiwa gerezani. Picha 500 zilitoka kati ya 1737 na 1739, na deni likalipwa. Inasikitisha kwamba mtu yule baadaye alikwenda Sweden, akashtakiwa fitina, akauawa mwaka 1747.

Watengeneza dawa waliiacha bustani mwaka 1899, ikapita katika mikono mingine. Na mwaka 1983 milango ilifunguliwa kwa watu wote. Sasa watoto wa shule hufundishwa humo, na watu wazima huja kujifunza kuchora mimea na kuitambua ile ya dawa.

Miller alipanda pia ua dogo la rangi ya waridi, asili yake Bukini, ambalo mbegu zake aliletewa kutoka Paris. Ua hilo twalijua sana, maana huota mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu, wala hatulijali. Katika majani yake zilipatikana dawa mbili ambazo tangu miaka ya 1960 zimetumika hospitalini, nazo zimewaponya watoto wengi wenye saratani ya damu.