Sindano ya Kinga na Mguu Uliokufa Ganzi

Mwaka 1997 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti mdogo uliozua matumaini makubwa. Katika hospitali ya King's College jijini London, wagonjwa 40 wa kisukari ambao miguu yao ilikuwa imeingiwa na vijidudu waligawanywa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Wote walipewa antibiotiki, lakini fungu moja lilidungwa pia, kwa siku 7, dawa inayochochea uboho utoe seli nyeupe kwa wingi. Waliodungwa kwa kawaida walilala hospitali siku 10, wenzao siku 17 na nusu. Hakuna hata mmoja wa waliodungwa aliyefikia kisu, ilhali upande wa pili wanne walipasuliwa, na wawili kati ya hao wakakatwa vidole. Wazo lenyewe lilikuwa na mashiko. Sukari ikipanda, seli nyeupe huzubaa: huchelewa kufika kidondani, na zikifika hazina nguvu ya kuua. Dawa ya jamii hii, filgrastimu, ilikuwa imeidhinishwa Marekani tangu 1991 kwa wagonjwa wa saratani. Kwa nini isimfae na mwenye kisukari?

Jibu lilikuja polepole, tena halikupendeza. Watafiti wa Italia, Austria, Uturuki na India walijaribu nao, na mtafiti Mario Cruciani na wenzake walipozikusanya tafiti zote 5, wagonjwa walikuwa 167 tu. Dawa haikuonyesha kwa uhakika kwamba inamaliza maambukizi wala kwamba inafunga kidonda. Ila waliodungwa walikatwa viungo kwa uchache, chini ya nusu ya wenzao, na hapo ndipo watetezi wake hushikilia: mguu uliookolewa si mguu? Ni hoja nzito. Lakini kukata ni uamuzi wa daktari wa upasuaji, na kila daktari ana kiwango chake cha subira. Kwa idadi ndogo hivyo, wagonjwa wachache tu wangeelekea upande mwingine na picha ingebadilika. Ndiyo maana miongozo ya kimataifa ya mguu wa kisukari haiipendekezi.

Kwa mkazi wa Kisumu Ndogo, mtaa wa Malindi nchini Kenya, historia iliyo na faida zaidi haikuandikwa London. Iliandikwa Dar es Salaam, katika Hospitali ya Muhimbili, ambako Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliwafuatilia wagonjwa waliofika na vidonda vya miguu. Mwaka 2005 walieleza kisa cha kuogofya: wenye kisukari waliotafunwa nyayo na panya usiku wakiwa wamelala, wasihisi kitu. Mishipa ya fahamu ikishakufa, mwiba, champali inayobana, au panya, vyote huingia bila hodi. Unaweza kuzidisha seli nyeupe utakavyo. Hakuna hata moja itakayomwamsha mtu aliyelala. Kuanzia 2004 Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo za mpango wa Hatua kwa Hatua, uliofunza madaktari na wauguzi wa mikoani kukagua miguu, kusafisha vidonda na kumfundisha mgonjwa viatu vya kuvaa.

Wapo watakaosema bei ya filgrastimu imeshuka, na kwamba imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kweli imo, lakini iliingizwa kwa ajili ya saratani. Na bei ya sindano ni sehemu ndogo tu ya gharama. Anayedungwa huhitaji kupimwa damu mara kwa mara, na kidonda bado kinataka kusafishwa. Wengine hawaijui sindano hiyo kabisa, ila neno kinga wanalijua, na mwarobaini, mlonge na habasoda huuzwa kwa jina hilo. Mti unaosifiwa kwa maradhi arubaini si rahisi kuunyima la arubaini na moja. Hasara kubwa ya dawa hizo ni muda: wiki mbili za kukanda mguu nyumbani zinatosha vijidudu kufika kwenye mfupa. Wakati huohuo, kipimo cha ganzi ni uzi mgumu wa nailoni tu. Mgonjwa hufumba macho, muuguzi huugandamiza kwenye wayo mpaka upinde, kisha husubiri kusikia kama atasema chochote.