Kiolezo Kinachopokea Kiolezo

Katika C++, lugha ya kompyuta ambayo Bjarne Stroustrup alianza kuijenga mwaka 1979 katika maabara ya Bell nchini Marekani, kiolezo ni maandishi ya programu yaliyoachiwa nafasi wazi, ambayo kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi hayo kuwa amri za mashine, huijaza kabla programu haijaanza kazi. Awali nafasi hiyo ilipokea hasa aina ya data, kama vile namba au herufi, sawa na fundi cherehani wa Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, anavyokatia kanzu kwa karatasi ileile huku akibadilisha kitambaa tu. Kiwango cha kimataifa cha 1998 kiliruhusu jambo zito zaidi, nalo ni kiolezo kupokea kiolezo kingine ambacho chenyewe bado hakijajazwa; na Andrei Alexandrescu, katika kitabu chake cha 2001, alionyesha jinsi uwezo huo unavyomwezesha mwandishi kuunganisha tabia za programu bila kurudia maandishi.

Hata hivyo, kulikuwa na kasoro kubwa. Chombo maarufu cha vector, ambacho nacho ni kiolezo cha kuhifadhi orodha ya data, kina nafasi mbili, ya aina ya data na ya mgawaji wa kumbukumbu, na ingawa ya pili hujazwa yenyewe, kiolezo kilichotarajia kupokea kiolezo chenye nafasi moja kilikikataa, usumbufu ambao haukustahili kudumu muda mrefu hivyo. Kiwango cha 2017 ndicho kilichoondoa kizuizi hicho.