Mti ni mmoja: chai ya babu na kiboksi cha dola 8



Mwezi uliopita, hapa Bukavu, nilinunua kiboksi cha chai ya kijani, dola 8. Muuzaji aliniambia hii ni mti mwingine kabisa, wa China, inayeyusha mafuta ya tumbo na inaponya kansa. Nikakipeleka kwa babu kule Bushi. Yeye alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha majani ya chai. Alinusa, akacheka sana: «Mjukuu wangu, wamekuuzia majani kama yetu.»

Babu alikuwa na haki. Wazungu pia walidanganyika kitambo: mtaalamu Linnaeus aliandika majina mawili, moja la mti wa chai ya kijani, lingine la mti wa chai nyeusi. Ni katika miaka ya 1840 ndipo Robert Fortune, Mskoti, alifika kwenye mashamba ya China na kuona mti ni ule ule. Tofauti inatoka kwa mikono na saa. Majani yakichomwa haraka kwa moto au mvuke, yanabaki kijani. Yakinyaushwa, yakasagwa na kuachwa mpaka yawe mekundu, halafu yakaushwe, ni chai nyeusi. Ukiyasimamisha katikati, ni oolong. Machipukizi machanga yakikaushwa polepole ni chai nyeupe. Mchaichai na tangawizi ni vizuri kunywa, lakini haviko chai ya mti huu.

Na afya? Chai inaamsha akili, na ina polifenoli zinazosaidia mwili. Lakini kuponya kansa ni bongo, na tumbo haliyeyuki kwa kikombe. Tena, chai inazuia mwili kupata madini ya chuma kutoka kwa maharagi na sombe. Mama mjamzito au mtu mwenye upungufu wa damu angoje kama saa moja baada ya chakula. Na ile sukari vijiko vinne, tupunguze.

Sasa, kama mti ni ule ule, na milima yetu inao, juu ya nini nililipa dola 8?

Wakati wa Wabeleji, hasa tangu Comité National du Kivu ilipoundwa mwaka 1928, ardhi nyingi ya wazee wetu ilipewa Wazungu wa mashamba. Wazee wakawa wafanyakazi wa malipo madogo kwenye udongo wao wenyewe. Tusiisifu ile siku.

Halafu, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu akatangaza zaïrianisation. Mashamba na biashara za wageni zikapewa wale walioitwa acquéreurs, wengi wao watu wa siasa na marafiki zao. Bwana mpya wa babu alikuja mara mbili tu, kuchukua pesa. Mazutu ikakosekana, mashine zikanyamaza. Wavunaji waliendelea kuleta vikapu, majani yakaoza mlangoni, kwa sababu jani la chai halingoji kesho. Kufikia 1976 serikali ilikuwa imeanza kuwarudishia wageni mali, lakini kwa babu hakurudi mtu. Michai isiyokatwa ikawa miti mirefu, watu wakaipasua kuni.

Kwa hiyo hatukupoteza mti. Tulipoteza kiwanda, na ujuzi ukabaki kwa wazee kama babu, ambao hakuna mtu aliyewauliza kitu.

Mimi nina diploma ya agronomia, na sikujua kukausha jani moja. Nikamuomba babu anifundishe. Tulichuma majani mawili na chipukizi lake, tukakaanga kwenye sufuria kavu, tukasugua kwa mikono, tukaanika. Ya kwanza ilinuka moshi, tukaitupa. Ya pili tuliinywa, bila sukari.

Wewe unayesoma hapa: kwenu kuna mzee gani aliyefanya kazi kiwandani? Nenda umuulize mwezi huu.