Kinga ya vidole vya seremala huanza kabla ya mashine kuwashwa

AJALI haina kinga, husema watu fundi anapokimbizwa hospitalini mkono ukiwa umefungwa shati. Usemi huo una ukweli wake barabarani na baharini. Lakini kwenye mashine ya kupiga randa kinga ipo, nayo ni kipande cha chuma kinachoonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Katika karakana za jua kali, si ajabu kukikuta kipande hicho kimefunguliwa na kutupwa chini ya meza, kwa madai kwamba kinachelewesha kazi.

Karakana za aina hiyo huwahudumia maseremala wasio na mashine zao wenyewe. Mteja huleta mbao, hulipa kwa futi, naye mwendesha mashine aghalabu hupata ujira kulingana na mbao alizopitisha. Mpango kama huo huifanya kila dakika ya kukaza bolti au kupima meza ionekane kuwa hasara. Hapo ndipo penye tatizo, kwa kuwa mengi ya yale yanayoamua iwapo vidole vitabaki salama hufanywa mashine ikiwa imezimwa.

Mashine zenyewe ni za namna tatu. Plena ina meza mbili na ngoma ya visu katikati yake. Fundi husukuma ubao kwa mikono juu ya visu hadi upande mmoja unyooke. Thiknesa huvuta ubao kwa rola na kuuchonga upande wa juu hadi upate unene sawa kote. Ya tatu ni molda, ambayo hutumia visu vyenye umbo maalumu kuchonga fremu za milango, mbao za urembo na zile za dari zenye ulimi na mfuo. Molda kubwa huchonga pande zote nne kwa mpito mmoja, ilhali ile ndogo ina mhimili mmoja tu uliosimama wima katikati ya meza.

Ngoma yenye kipenyo cha milimita 100 inayozunguka mara 4,500 kwa dakika huyapeleka makali ya visu kwa mwendo wa takriban kilomita 85 kwa saa. Ikiwa na visu vitatu, hupiga mikato 225 kila sekunde. Hakuna mtu anayeweza kuuondoa mkono kwa wepesi unaoshinda kasi hiyo.

Jeraha lake pia si sawa na la msumeno au panga. Mnamo Januari 2018, madaktari wa Hospitali Kuu ya Taifa ya Kenyatta walifaulu kumuunganishia kijana mkono uliokuwa umekatwa na mashine ya kukatia mifugo nyasi. Liliwezekana kwa sababu kiungo kilikatika kikiwa kizima. Ngoma ya plena haikati namna hiyo. Huparura nyama na mfupa kuwa vipande vidogo kama inavyofanya ubao, na mara nyingi hapabaki kitu cha kuunganishwa.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ngoma ilikuwa ya pembe nne, na uwazi kati yake na meza ulitosha kuumeza mkono mzima. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 1922 ziliagiza kwamba plena za kusukumwa kwa mkono ziwe na ngoma ya mviringo, ambayo huacha uwazi mwembamba tu. Anayenunua mashine kuukuu ana sababu nzuri ya kuinama na kutazama umbo la ngoma kabla ya kuuliza bei.

Mashine husimamishwa juu ya sakafu ya saruji, ikasawazishwa kwa pima maji na kufungwa kwa bolti, huku mbele na nyuma yake pakiachwa nafasi inayozidi urefu wa ubao mrefu kuliko wote. Kisha linafuata suala la umeme, ambalo wengi hulichukulia kwa wepesi mno.

Mashine nyingi za karakana hutumia umeme wa fezi tatu. Nyaya mbili zikibadilishana nafasi, mota huzunguka kinyume. Hilo hutokea hasa mashine inapohamishwa kutoka karakana moja hadi nyingine, au baada ya nyaya za jengo kurekebishwa. Kwenye molda ya mhimili wima, mzunguko wa kinyume waweza kulegeza nati inayoshikilia visu. Kwa hivyo mota hujaribiwa kwanza pasipo visu, kwa kuwashwa na kuzimwa papo hapo, na mzunguko wake ukalinganishwa na mshale uliochorwa na kiwanda.

Halafu kuna kupotea kwa stima, jambo lisilo geni kwa Mkenya yeyote. Swichi ya kawaida hubaki ilivyoachwa. Stima ikipotea, ngoma husimama, naye fundi huenda akaingiza mkono kuondoa maranda yaliyokwama. Stima ikirejea, mashine hujiwasha yenyewe. Mashine ya randa yafaa iwe na swichi ya sumaku, ambayo hujifungua umeme unapokatika na haiwaki tena hadi mtu aibonyeze. Kitufe chekundu cha kuzimia nacho kiwe mahali ambapo fundi atakifikia bila kuunyoosha mkono juu ya visu.

Kazi ya kufunga visu ndiyo inayohitaji utulivu zaidi. Kuzima swichi ya mashine pekee hakutoshi. Umeme hukatwa kwenye swichi kuu ukutani, ikafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukakaa mfukoni mwa yule anayegusa visu. Visu hubadilishwa vyote kwa pamoja, vikiwa vimenolewa hadi vilingane upana na uzito. Kimoja kikiwa kizito kuliko vingine, ngoma hutetemeka, beringi huharibika na bolti hulegea taratibu. Kisu kilichonolewa hadi kikawa chembamba mno hakishikwi vyema na kabari yake, na kinaweza kuchomoka kama risasi. Hatari ni hiyo hiyo kwa kisu cha molda kilichochongwa kutoka kwa springi kuukuu ya gari: hakuna ajuaye ufa uliomo ndani ya chuma hicho.

Kabla ya kisu kurudishwa, mfuo wake na kabari husafishwa utomvu na vumbi. Kisu huachwa kikichomoza nje ya ngoma kwa takriban milimita 1. Bolti hukazwa kidogo kidogo, kuanzia katikati kuelekea ncha zote mbili, kisha zamu hiyo hurudiwa. Spana iwe ile iliyokuja na mashine. Kuirefusha kwa bomba ili kupata nguvu zaidi huharibu nyuzi za bolti, na bolti ya namna hiyo hushika leo na kuachilia kesho.

Ili kujua kama visu viko sawa na meza, haihitajiki ala ya bei ghali. Fundi huchukua kipande cha ubao kilichonyooka, akakilaza juu ya meza ya kutolea huku ncha yake ikipita juu ya ngoma, na kuweka alama ya penseli usawa wa ukingo wa meza. Ngoma inapozungushwa kwa mkono, kisu hukibeba kipande kile mbele kidogo, tuseme milimita 3. Kila kisu hakina budi kukibeba kwa kiasi hicho hicho, kushoto, katikati na kulia. Meza ya kutolea ikiwa chini kupita kiasi, mwisho wa ubao utachongwa bonde. Ikiwa juu, ubao utagonga ukingo na kukwama. Fundi atasukuma kwa nguvu zaidi, ubao utaponyoka ghafla, na mkono utafuata mbele.

Baada ya hapo kinga hurudishwa, ngoma huzungushwa mzunguko mzima kwa mkono ili kuhakikisha haigusi chochote, na spana zote huhesabiwa. Mashine inapowashwa mara ya kwanza, watu wote husimama kando kwa dakika moja hivi.

Mbao nazo zinahitaji kukaguliwa. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma, iliyoanza Februari 2018 na ambayo Rais William Ruto alitangaza kuiondoa Julai 2023, iliongeza umuhimu wa miti ya mashambani kama vile mgrevilea na mkaratusi. Mti wa shambani uliowahi kushikilia ua hubeba misumari na seng'enge ndani ya shina. Mbao za majengo yaliyobomolewa ndizo mbaya zaidi. Mvule, kwa upande wake, huweza kuwa na vijiwe vigumu vilivyojijenga ndani ya mti wenyewe, na hivyo hubutua visu vipya kwa siku moja.

Kwenye plena, ubao husukumwa kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi, na kila mpito huondoa milimita 2 hivi. Ubao ulio mfupi kuliko sentimita 30 haupitishwi kwa mikono kamwe. Ubao mwembamba husukumwa kwa kibao chenye mpini, na mikono hupita juu ya kinga wala si juu ya visu vilivyo wazi. Glavu, ambazo wengi hudhani ni ulinzi, hapa ni mtego: uzi mmoja ukishikwa na kisu, mkono mzima huvutwa. Pete, saa na mikono mirefu ya shati pia huwekwa mbali.

Thiknesa huonekana salama kwa sababu hujivutia ubao yenyewe. Hata hivyo, inaweza kuurusha nyuma kwa nguvu ya kuvunja mbavu, hivyo fundi husimama upande, si nyuma ya ubao. Mbao mbili zenye unene tofauti hazipitishwi kwa pamoja, kwani rola hubana ile nene na kuiacha nyembamba huru. Kuinama na kuchungulia ndani mashine ikiendelea kuzunguka ni kujitafutia upofu.

Kwenye molda ya mhimili wima, ubao husukumwa kukabili mzunguko wa visu. Ukisukumwa kuelekea upande ambao visu vinakwenda, hunyakuliwa kutoka mikononi. Umbo lenye kina huchongwa kwa mipito kadhaa, ubao ukiwa umebanwa kwenye kiegemezo, na kipande cha majaribio hutangulia mbao za mteja.

Madhara mengine huja polepole. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua. Vumbi lafaa kufyonzwa kwa mashine, wala si kupulizwa kwa hewa ya kompresa. Kuhusu kelele, kanuni za Kenya za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa katika wastani unaozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Iwapo kidole kimejeruhiwa, jeraha hukandamizwa kwa kitambaa safi na mkono huinuliwa. Kipande kilichokatika, kama kipo, hufungwa kwa kitambaa safi chenye unyevu, kikatiwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha mfuko ukawekwa penye barafu. Kisiguse barafu moja kwa moja.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye karakana kuweka kinga kwenye mashine hatari, na Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo hairuhusu aliye chini ya miaka 18 kufanyishwa kazi ya hatari. Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini, pia ya 2007, humhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi, hivyo naye ana haki ya kulipwa. Dai la fidia huwasilishwa katika muda wa miezi 12 tangu siku ya ajali.