Siku Tatu Champagne

Mtu anayepanga kuzuru nchi kwa siku tatu hana budi kuichorea mpaka. Hapa tutafika, pale hatutafika. Kwa safari nyingi jambo hilo halina uzito, maana kinachoachwa leo kitaonwa mwaka ujao, Mungu akijaalia. Lakini kwa mkoa wa Champagne, huko mashariki ya Paris, kuchora mpaka si jambo dogo. Mwaka 1911 watu walichoma majumba kwa sababu ya mstari kama huo.

Vitabu vya watalii vina mpaka wao, na wote unafanana. Siku ya kwanza Reims, siku ya pili Épernay, ya tatu kijiji cha Hautvillers, kisha kurudi Paris na chupa mbili kwenye mkoba. Siwezi kusema kwamba ni ratiba mbaya. Treni ya kasi hutoka Paris, stesheni ya Gare de l'Est, na kufika Reims kwa dakika 45 hivi. Ukishuka unalikuta kanisa kuu walimotawazwa wafalme wa Ufaransa, lile lililoungua kwa mizinga ya Wajerumani mwezi Septemba 1914. Chini ya mji kuna mashimo makubwa yaliyochimbwa zamani kutafuta mawe ya chaki, na humo ndimo matajiri wa shampeni wanamohifadhi chupa zao, kwa ubaridi wa nyuzi kumi au kumi na mbili mwaka mzima. Hautvillers ina kaburi la mtawa Pérignon, aliyeisimamia divai ya nyumba ya watawa pale tangu 1668 hadi alipofariki 1715. Wageni huambiwa kwamba yeye ndiye aliyevumbua mapovu. Ukweli ni kwamba mapovu siku zile yalihesabiwa kuwa kasoro, nayo yakipasua chupa, na mtawa huyo alitumia jitihada nyingi kuyazuia.

Naona msomaji ataniuliza ninatafuta nini huko, mimi mtu wa pwani nisiyeonja kileo. Ni swali la haki, na binti yangu anayeishi Paris aliniuliza hilo hilo. "Baba," aliniambia, "siku zote tatu utakuwa unatazama watu wakinywa?" Nilimjibu kwamba nimefundisha historia miaka mingi, na katika masomo yote ya Ulaya niliyopitia na wanafunzi, hakuna lililonikaa moyoni kama kisa cha wakulima hawa, ambacho wala hakikuwamo kwenye muhtasari. Tulisomesha Bismarck na mapatano ya Vienna. Mkulima wa zabibu hakuwamo. Divai nitamwachia yeye.

Kisa chenyewe kinahitaji maelezo kidogo. Kwetu Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mkulima aliyekosa Machi anaweza kutazamia Agosti au Septemba. Champagne ni karibu na ukingo wa kaskazini wa nchi ambamo mzabibu unakubali kuota. Mavuno ni mara moja tu kwa mwaka, na usiku mmoja wa jalidi mwezi Aprili unaweza kuumaliza mwaka mzima. Zaidi ya hayo, mkulima hakuwa akitengeneza shampeni. Kazi ile inataka mtaji, mapishi ya chini ya ardhi, na subira ya miaka. Yeye aliuza zabibu zake kwa matajiri wa Reims na Épernay, na bei walipanga wao.

Mnamo miaka ya 1890 aliingia mdudu filoksera, anayefyonza mizizi mpaka mti unakufa, na ambaye alikwisha kuharibu mizabibu ya sehemu nyingi za Ufaransa. Miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini ikaleta mavuno mabaya mfululizo. Pamoja na hayo yote, chupa za shampeni ziliendelea kutoka maghalani kama kwamba hapana lililotokea. Zilitokaje? Wakulima walijua. Baadhi ya matajiri walikuwa wakileta zabibu na divai ya bei rahisi kwa treni kutoka bonde la mto Loire na kutoka kusini, wakiitia mapovu na kuibandika jina la Champagne. Jina lilikuwa la mkoa, faida ikawa yao.

Serikali ikaombwa iweke mpaka, na kwa amri ya tarehe 17 Desemba 1908 ikauweka. Champagne ikawa sehemu kubwa ya wilaya ya Marne, yenye Reims na Épernay, pamoja na kipande cha wilaya ya Aisne. Wilaya ya Aube, iliyo upande wa kusini, ikaachwa nje.

Hapa ndipo ninapoomba msomaji atue kidogo. Watu wa Aube walikuwa wamewauzia matajiri wa Marne divai yao kwa miaka mingi, nayo ilikuwa ikitoka kwa jina la shampeni bila mtu kulalamika. Mji wao mkuu ni Troyes, na Troyes ndiyo iliyokuwa makao ya watawala wa Champagne katika karne ya kumi na mbili na ya kumi na tatu. Magulio makubwa ya Champagne, ambako wafanyabiashara wa Italia na wa Flandria walikutana, yalikuwa Troyes, Bar-sur-Aube, Provins na Lagny. Kwa hiyo mtu wa Aube aliamka asubuhi akaambiwa kwamba mji mkuu wa zamani wa Champagne haumo Champagne. Watu wa Marne walikuwa na jibu, na si jibu la kupuuzwa: ardhi yetu ni ya chaki, yenu ni udongo wa namna nyingine, unaofanana zaidi na wa Chablis huko Bourgogne. Yote mawili yalikuwa kweli. Mmoja alitoa ushahidi wa historia, mwingine ushahidi wa udongo, na serikali ikauchukua ule uliopendelea upande wenye nguvu.

Mavuno ya 1910 yakawa ya msiba. Mvua, mvua ya mawe na ukungu wa majani viliangamiza karibu zabibu zote za Marne. Mwezi Januari 1911, huko Damery na Hautvillers, wakulima waliyazuia magari yaliyobeba divai kutoka nje ya mkoa, wakaitupa mtoni. Mwezi Machi na Aprili ikawa zamu ya Aube. Mabaraza ya vijiji yalijiuzulu, karatasi za kodi zikachomwa hadharani, na tarehe 9 Aprili maelfu kwa maelfu waliandamana Troyes. Mmoja wa viongozi wao, Gaston Cheq, alikuwa mtu wa huko huko Bar-sur-Aube.

Seneti ya Paris ilishtuka. Tarehe 11 Aprili ikapitisha azimio la kutaka mipaka ifutwe. Habari zilipowafikia wakulima wa Marne, ngoma zilipigwa na kengele za makanisa zikalia usiku. Kulipopambazuka walikuwa wamekwisha kuvamia maghala. Katika mji mdogo wa Aÿ, kilometa chache tu kutoka Épernay, walichoma nyumba za matajiri, wakavunja mapipa na chupa, na divai ikatiririka barabarani. Nyumba kubwa ya ukoo wa Ayala ilikuwa miongoni mwa zilizoteketea. Askari wa farasi walipelekwa, na mkoa ukakaa chini ya jeshi kwa miezi.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara huruma yangu huenda pande mbili. Hasira ya watu wa Marne dhidi ya matajiri waliowadanganya naielewa kabisa. Ila moto ule haukuwashwa siku matajiri walipoiba jina. Uliwashwa siku wakulima maskini wenzao walipokaribia kurudishiwa sehemu yao. Yaani mtu ameibiwa na tajiri, naye anaogopa zaidi kugawana na jirani. Sithubutu kuwahukumu kwa ukali. Mwenye sahani ndogo huihesabu kila tonge. Hata hivyo sioni kwamba mkulima wa Aube alikuwa adui yao.

Serikali ikatafuta njia ya kati. Amri ya tarehe 7 Juni 1911 iliwaita watu wa Aube "Champagne, eneo la pili", maneno yaliyotakiwa kuonekana kwenye chupa. Nani atanunua chupa iliyoandikwa kwamba ni ya pili? Mjadala ulikuwa bado bungeni vita vilipoanza 1914. Mizinga ikaupiga mji wa Reims kwa zaidi ya siku elfu moja, watu wakaishi katika yale mashimo ya chaki, na mizabibu ikapitiwa na mahandaki. Miongoni mwa walioutetea mji mwaka 1918 walikuwamo askari kutoka Afrika ya Magharibi. Sanamu yao ilisimamishwa Reims 1924, Wajerumani wakaiondoa 1940, na nyingine inayofanana nayo ikawekwa 2013. Hapo nitasimama, hata kama ni kwa nusu saa.

Mpaka wa sasa ulitoka katika sheria ya tarehe 22 Julai 1927, na Aube ikaingizwa moja kwa moja, bila neno la "pili". Leo karibu robo ya mizabibu ya Champagne iko huko kusini. Wakulima ndio wanaomiliki sehemu tisa kati ya kumi za mashamba, wengi wao hutengeneza shampeni yao wenyewe au kupitia ushirika, na kilo moja ya zabibu huuzwa kwa zaidi ya euro 6. Majumba makubwa bado ndiyo yanayouza chupa nyingi zaidi. Lakini hayawezi kuzijaza bila zabibu za mkulima, wala hayawezi tena kuzileta kutoka Loire.

Basi ratiba yangu imekuwa hivi. Reims siku moja, na pishi moja tu, kwa heshima ya binti yangu. Siku ya pili Épernay, na kutoka hapo Aÿ, nione mitaa iliyoungua. Hautvillers nitakwenda ikiwa muda utabaki, na si kwa ajili ya mtawa bali kwa ajili ya barabara ile ya Januari 1911. Siku ya tatu ndiyo iliyotuletea mabishano, kwa sababu kutoka Reims kwenda Troyes kuna kilometa 120 hivi, na binti yangu anasema hakuna mgeni anayekwenda kote kuwili kwa safari fupi kama hii. Nimemwambia tutakodi gari. Tutafika Troyes kabla ya saa tano asubuhi, tutembee katika mji wa kale, ambao wenyeji husema umbo lake kwenye ramani ni kama kizibo cha chupa ya shampeni. Baada ya chakula cha mchana tutakwenda Bar-sur-Aube, na jioni turudi Paris. Amekubali, ila gari ataendesha yeye, na kwa hiyo siku hiyo naye hatakunywa.